Barakoa ilinipa likizo, kisha ikanidai

Mbukwenyi ndugu zangu. Nimekaa kwenye kibanda changu cha miamala hapa Majengo, Dodoma, wateja hawajaanza kuja. Dirisha lenyewe ni dogo, hivyo anayetaka kutoa pesa lazima ainame kidogo. Akiinama, kitu cha kwanza kukutana nacho ni mdomo wangu.

Nilizaliwa na mdomo sungura, vijijini huko Kongwa, mwaka 1986. Mdomo wa juu ulipasuka upande wa kushoto hadi puani, na kaakaa nalo lilikuwa wazi. Siku hizi mtoto anaweza kushonwa mdomo akiwa na miezi 3 hivi, na kaakaa kabla hajafikisha mwaka mmoja na nusu. Mimi mdomo nilishonwa na miaka 9, kaakaa na miaka 11, ulimi ukiwa umeshazoea njia zake. Kwa hiyo kovu ninalo, pua imelalia upande, na king'ong'o hakijaniacha.

Watoto wenye hali hii wanasemewa. Kuna mabango, kuna picha za kabla na baada ya upasuaji. Mtu wa miaka 40 mwenye kovu hayupo kwenye bango, na yeye ndiye anayelipa kodi ya fremu, anayekwenda ukweni, anayepiga simu kulalamika muamala umekwama. Nataka kusema na huyo.

Mwaka 2020 barakoa zilipoingia, siku ya kwanza nilivaa kwa kuogopa korona. Siku ya pili nilivaa kwa raha. Nilihudumia kutwa nzima bila mtu kunitazama mara mbili. Mteja mmoja akaniambia nina macho mazuri, nikarudi nyumbani nikimsimulia mume wangu kama mtu aliyeokota pesa. Wenzangu wakaja kuzivua, mimi nikaendelea. Jua la Oktoba la Dodoma mnalijua, na kibanda ni cha bati, lakini barakoa haitoki. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba nina kifua kikuu.

Ila raha ile ilikuwa na deni. Nikapata wateja wasionijua bila barakoa, na kila mmoja akawa mtu wa kuogopwa: siku akiniona itakuwaje? Siku moja, saa nne asubuhi, kamba ikakatika. Sikuwa na nyingine. Foleni ina watu watano. Nikafunga dirisha, nikasema mtandao umekata, nikakaa ndani gizani mpaka wakaondoka. Nimefunga biashara kwa sababu ya kamba.

Wakati huo tumbo lilikuwa linachoma nikawa nakunywa dawa za vidonda vya tumbo bila kupimwa (msifanye hivyo), na nikiamka taya zinauma kwa sababu usiku nasaga meno. Muuguzi mmoja wa zahanati akaniuliza maswali mawili matatu kuhusu usingizi, kisha akasema, "Dada, nenda Mirembe ukaongee na mtu." Mirembe ni hospitali ya afya ya akili, na kwa aliyekulia Dodoma, neno hilo ni zito. Watoto wakigombana, tusi la mwisho ni "utapelekwa Mirembe". Nilikwenda, lakini nilimwambia bodaboda anishushe mbali, nikatembea na mtandio nimejifunika nusu ya uso. Yaani naenda kutibiwa kujificha, na naenda nimejificha.

Mshauri alikuwa mama mtu mzima. Nilitegemea aniambie nijipende, nijikubali, maneno ya kwenye kanga. Hakusema hata moja. Alinituma kazi: nichukue daftari, ukurasa wa kushoto niandike ninachodhani mteja atafanya akiniona, wa kulia niandike alichofanya. Wiki nzima, bila barakoa.

Kushoto niliandika "atacheka", "atauliza", "atahamia kwa jirani". Kulia nikajikuta naandika "katoa 20,000 kaondoka", "kalalamikia makato", "kasahau namba ya siri". Niliandika wateja 112. Walionikazia macho kuliko kawaida walikuwa 9. Waliotamka neno ni 3, na mmoja wao mlevi. Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu ile iliniuma: nilikuwa najilipisha woga wa watu 112 kwa makosa ya watatu.

Lakini wale watatu wapo. Asije mtu akakwambia unajishuku tu. Anayekucheka anakucheka, na mwili unajua. Kilichonisaidia kwao ni kuwa na maneno tayari, ili nisiyatafute moyo ukiwa unadunda. Kwa mtu mzima nasema, "Nilizaliwa hivi. Nikuhudumie nini?", na mkono tayari uko kwenye simu. Mlevi simjibu kabisa. Mtoto namjibu kuliko wote. Wiki iliyopita mmoja aliuliza kwa sauti, "Mama, mdomo wa huyu umefanyaje?" Mama yake akamfinya. Nikamwambia, "Mwache. Mwanangu, nilizaliwa mdomo haujaungana, daktari akaushona." Akauliza, "Uliuma?" Nikasema uliuma. Akapandisha suruali akanionyesha goti, naye alishonwa nyuzi nne. Tukaachana hivyo.

Kuna kundi lingine ambalo sijalipatia dawa, la wanaomwambia mwenzao mbele yangu, "Usicheke, hujafa hujaumbika." Wanadhani wananitetea. Wao wanatazamana na funzo lao, na mimi nimegeuzwa ubao wa kufundishia. Afadhali yule anayeuliza.

Simu ni mtihani wake. Hewa ikikimbilia puani, herufi kama p, b na s zinalegea, na kazi yangu ni kutaja namba: sita na saba zinanitesa. Zamani nilipopiga kufuatilia muamala, anayepokea alikuwa akisema "sauti yako haisikiki, badilisha sehemu", nami narudia mara nne mabega yamepanda hadi masikioni. Sasa naanza mimi: "Natokea puani nikiongea, nitakwenda polepole, uniulize usipopata." Wengi hutulia. Na kabla ya kupiga navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa kwa hesabu ya sita, mara tano. Kutoa polepole ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo, kwa hiyo usikimbilie kuvuta tu.

Kilichonichukua miaka mingi kuliko vyote ni mlenda. Msicheke. Kaakaa yangu ilibakiwa na tundu dogo, na kitu cha kuteleza hupandia puani. Nimeolewa Bahi, na huko mgeni huwezi kupewa ugali wa uwele bila mlenda. Siku ya kwanza ukweni ulinitokea puani mbele ya shangazi zake mume wangu. Hakuna aliyesema neno, na ule ukimya nimetembea nao miaka sita. Kila tulipokwenda nilikuwa nimeshiba. Nikitoka huko kichwa kinauma siku mbili, na safari ikikaribia silali.

Baada ya lile daftari nikaamua kumfuata mama mkwe jikoni, peke yake. "Mama, samahani. Nina tundu juu ya kinywa, vitu vya kuteleza vinapanda puani. Nikila tonge dogo na leso mkononi, nakula vizuri." Akaacha kusonga, akanitazama. "Kumbe! Mimi miaka yote najua unadharau jiko langu." Miaka sita, kila mmoja amekaa na kidonda chake, kwa sababu ya kitu cha dakika moja. Siku hizi ananitengea mlenda mzito kidogo, na leso ananipa yeye.

Kwa wanaopanga kuzaa: woga wa "na mwanangu je?" niliubeba mimba nzima ya kwanza kwa sababu sikuuliza. Mzazi mmoja akiwa na mpasuko usiofungamana na ugonjwa mwingine, uwezekano wa mtoto kuupata ni takribani 3 hadi 5 katika 100. Si sifuri, lakini si ule uhakika niliokuwa naulalia. Muulize daktari mapema, wakati bado una usingizi.

Na usikae peke yako ukidhani uko peke yako. Duniani takribani mtoto 1 katika kila 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 jijini Dodoma. Gawa mwenyewe, hata kwa hesabu ya dukani, inakuja zaidi ya elfu moja. Mimi nimewahi kuongea na wanne. Mmoja ni fundi cherehani, na Jumapili nyingine tunapanda mlima Imagi tukiongea kwa king'ong'o chetu bila mtu wa kutuambia turudie. Wengine sijui wako wapi, labda wana mtandao uliokata.

Harusi bado zinanishinda. Mpiga video akianza kuzungusha taa kwenye meza, nakimbilia chooni. Desemba iliyopita niliondoka mara mbili, zamani ilikuwa nahudhuria kanisani tu, ukumbini siendi.

Barakoa ninayo moja, iko kwenye droo chini ya daftari. Mara ya mwisho niliivaa mwezi wa saba, upepo ukivuma, na kweli lilikuwa vumbi.