Mteja wa Kila Januari

Wiki hii mmeuliza kwa nini wajasiriamali wa teknolojia, watu waliotajirika kwa simu na mitandao, wanakimbilia kuwekeza kwenye elimu. Mimi nina stesheneri hapa Soweto, Mbeya, kwa hiyo jibu langu ni la muuza karatasi: somo unalitengeneza mara moja, unaliuza kila mwaka, na anayelinunua ni mzazi asiyethubutu kusema hapana.

Mtihani wa majaribio wa hisabati wa darasa la saba nikishauchapa na kuuhifadhi kwenye kompyuta, gharama inayobaki ni karatasi na wino. Mwakani wanakuja watoto wengine, maswali ni yale yale. Mwenye programu ya simu hahitaji hata hiyo karatasi. Fundi cherehani kila suruali anaikata upya. Mwenye programu, somo lake moja la hesabu za sehemu linafika Makete, Tunduma na Mumbai kwa mkupuo.

Halafu kuna huyo mzazi. Ada shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini njoo dukani kwangu Januari. Mzee katoka Umalila, viazi kauza kwa bei ya kutupa, mkononi ana fomu ya kujiunga iliyokunjwa mara nne. Tunaisoma mstari kwa mstari: kaunta buku, mkebe, rimu ya karatasi. Akifika kwenye rimu anavuta pumzi, analipa. Nyumbani sukari itapunguzwa, orodha ile haiguswi. Mwekezaji gani ataona mteja wa hivi alale usingizi?

Tamaa nayo ipo. Byju's, kampuni ya India ya masomo ya mtandaoni, ilithaminiwa dola bilioni 22 mwaka 2022. Kufika 2024 ilikuwa mahakamani kwa kesi ya ufilisi.

Sisemi wote ni wachuuzi. Elon Musk alifadhili shindano la kutengeneza programu za kujifunzia, la dola milioni 15, ambalo majaribio yake yalifanyika vijijini Tanga kati ya 2017 na 2019. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vya kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Hapo kwenye "bila mwalimu" ndipo ninapowaelewa. Bill Gates na Mark Zuckerberg wote waliacha chuo, Harvard, na mambo yakawanyookea. Mtu wa hivyo ni rahisi kuamini kwamba shule ni mtambo mbovu na yeye ndiye fundi. Mwaka 2010 Zuckerberg aliahidi dola milioni 100 kwa shule za Newark, Marekani, na lawama kubwa iliyofuata ni kwamba wenyeji hawakushirikishwa.

Akitokea wa kuja huku Nyanda za Juu na pesa yake, asituletee kishikwambi kingine. Walimu walishagawiwa vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Kazi iko kidato cha kwanza: mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia darasani anakuta biolojia yote ni Kiingereza, anaanza kukariri asichokielewa. Atengeneze masomo ya kumvusha hapo, yafunguke hata bando likiisha. Vijitabu vyake nitachapa mimi, kwa bei ya jumla.