Sarufi na alama za uandishi katika Kiingereza cha biashara: anzia kwenye barua zako mwenyewe

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupitia barua za Kiingereza ambazo wenzangu wanakusudia kuwatumia wateja, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kitabu gani cha sarufi mtu asome ili aandike bila wasiwasi. Mwanzoni simpeleki mtu kwenye kitabu chochote. Humwomba afungue barua pepe alizokwisha kutuma, achague chache zilizo ndefu, azichapishe kwenye karatasi, kisha azisome taratibu akiwa na kalamu mkononi. Afanyapo hivyo hugundua kwamba makosa yake si mengi kama alivyodhani, bali ni machache yanayojirudia, na mengi kati ya hayo yametokana na sentensi iliyofikiriwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Hayo ndiyo ya kuandikwa kwenye daftari na kushughulikiwa moja baada ya jingine. Kitabu cha sarufi kitamfaa baadaye, atakapokifungua akiwa na swali mahususi.

Kiswahili chenyewe hutusaidia mahali ambapo wengine hutaabika. Chukua upatanisho wa kiima na kitenzi. Watu wengi, hata wale ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza, huandika "The list of tools are attached" kwa kuvutwa na nomino iliyo karibu na kitenzi. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kusema "orodha ya vifaa vimeambatishwa", kwa kuwa sikio lake linajua bila kufundishwa kwamba kilichoambatishwa ni orodha. Kwa hiyo sentensi ndefu ikikutatiza, iseme kwanza kwa Kiswahili, sikiliza kiambishi cha kitenzi kinafuata nomino ipi, halafu ndipo uandike "is" au "are".

Mahali pengine mazoea hayohayo hutuponza. Tunasema "ankara niliyoituma", tukiwa na kirejeshi (-yo-) na kiambishi cha mtendwa (-i-) ndani ya kitenzi kimoja, na ndiyo maana barua nyingi ninazozipitia zina "the invoice that I sent it". Katika Kiingereza "that" imekwisha kuchukua nafasi ya ankara, hivyo "it" inazidi na inapaswa kuondolewa. Vivyo hivyo kwenye nyakati: "tumelipa jana" hupita katika mazungumzo yetu bila kumshtua mtu, lakini "We have paid yesterday" ni kosa, kwa sababu wakati timilifu wa Kiingereza haukubali kuandamana na siku iliyokwisha kupita. Ukitaka kusema tu kwamba deni limelipwa, andika "We have paid the invoice". Ukitaja siku, andika "We paid the invoice on 3 March". Nami hushauri jina la mwezi liandikwe kwa maneno daima, kwa kuwa 04/05 ni tarehe 4 Mei kwa msomaji wa Uingereza na tarehe 5 Aprili kwa msomaji wa Marekani, na hakuna mteja anayestahili kukisia siku ya kupokea mzigo wake. Nomino zisizohesabika, kama "information", "equipment" na "advice", hazihitaji maelezo marefu: zikariri bila "s" na uendelee na mengine.

Alama za uandishi ndizo zinazostahili muda wako mwingi zaidi, kwa sababu kosa la sarufi kwa kawaida humchukiza msomaji tu, ilhali alama iliyowekwa vibaya inaweza kubadilisha makubaliano. Kiswahili kinaruhusu kuunganisha matukio kwa mikato mitupu, kama katika "mzigo umefika, tumeukagua, katoni mbili zimepasuka". Ukiandika hivyo kwa Kiingereza, "The goods have arrived, we have inspected them", umeunganisha sentensi mbili kamili kwa alama isiyo na nguvu ya kuziunganisha. Weka nukta, au ongeza "and" baada ya mkato. Kosa hili hujificha zaidi kwenye neno "however". Tazama sentensi hii: "The price is fixed for new customers, however, for large orders we may offer a discount." Msomaji hana hakika kama "however" inafunga sehemu ya kwanza au inafungua ya pili. Nukta baada ya "customers", na "However" kwa herufi kubwa, humaliza shaka yote. Nuktamkato (;) ingeweza kufanya kazi hiyo pia, ila anayeanza mimi humshauri aiache kwa muda, maana nukta haijawahi kumwangusha mtu.

Kuna mkato mwingine ambao ningependa kila anayeandika kuhusu fedha aufahamu vizuri. Linganisha "The suppliers who delivered late will not be paid" na "The suppliers, who delivered late, will not be paid". Sentensi ya kwanza inawanyima malipo wale tu waliochelewa, na wengine watalipwa. Ya pili inasema kwamba wasambazaji wote walichelewa, na kwamba hakuna hata mmoja atakayelipwa. Maneno ni yaleyale, tofauti ni mikato miwili. Sisi tumezoea kuandika "wasambazaji waliochelewa hawatalipwa" na kumwachia msomaji aelewe kwa muktadha, hivyo hatuna desturi ya kujiuliza swali ambalo Kiingereza kinalidai kila mara: je, ninazungumzia wote, au baadhi? Ukijiuliza hivyo kabla ya kila "who" na "which", utajua mikato iwekwe au iachwe.

Anayedhani haya ni mambo ya walimu tu na aangalie kesi ya madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, katika jimbo la Maine nchini Marekani. Sheria ya jimbo ilitaja kazi ambazo hazistahili malipo ya saa za ziada, na orodha yake iliishia na "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or". Madereva walikuwa wakisambaza bidhaa, lakini hawakuwa wakizifungasha. Je, usambazaji ulikuwa kazi inayojitegemea katika orodha ile, au "packing" ilihusu kufungasha kwa ajili ya kusafirisha na kwa ajili ya kusambaza? Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona kwamba maneno yale yana utata, ikaamua kwa kuwapendelea madereva, na mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 ili kumaliza shauri. Baadaye sheria yenyewe iliandikwa upya, na vipengele vya orodha vikatenganishwa kwa nuktamkato. Tangu niisome kesi hii nimeacha kubishana na wanaosema mkato wa mwisho katika orodha ni hiari. Mimi huuweka.

Ritifaa, yaani alama ya ('), huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Ukiamua kutofupisha maneno kabisa katika barua rasmi, "it's" haitakuwa na nafasi, na "its" ya umiliki itabaki peke yake bila ritifaa. Kinachobaki ni kukumbuka kwamba "customer's" ni ya mteja mmoja na "customers'" ni ya wateja wengi.

Jambo la adabu nalo ni la kisarufi, ingawa vitabu hulitenga. "Nitumie mkataba" kwa Kiswahili inaweza kuwa ombi la kawaida kati ya watu wanaoheshimiana, lakini "Send me the contract" humfikia msomaji kama amri. Andika "Could you please send me the contract?" na usisahau alama ya kuuliza.

Nimeulizwa pia kama programu za kusahihisha maandishi haziwezi kutuondolea mzigo huu. Ninazitumia, na zinakamata haraka tahajia na "s" iliyosahauliwa. Hata hivyo, sentensi zote mbili za wasambazaji ni sahihi kisarufi, na programu haijui kama ulikusudia kuwanyima malipo baadhi yao au wote. Kwa sababu hiyo, programu ikimaliza kazi yake, mimi hurudi kwenye sentensi zenye kiasi cha fedha, tarehe au sharti, nikampa mwenzangu ambaye hajui shauri lenyewe azisome na kunieleza kwa Kiswahili alichoelewa. Akieleza tofauti na nilivyokusudia, simsahihishi yeye. Hurekebisha sentensi, nikampa aisome tena.