Muulize Mwalimu: "Heteromera" ni mdudu gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Babu aliacha kitabu cha zamani cha wadudu wa shambani. Mbawakawa wanaokula maua wamewekwa chini ya jina "Heteromera". Kamusi zangu hazina neno hilo, na nikitafuta kwenye simu naletewa kunguni. Ni mdudu gani huyo? – Msomaji, Magu

JIBU: Marahaba. Kunguni waache, hao ni Heteroptera. Simu imekisia tu. Heteromera si mdudu mmoja, ni kundi, na jina lake linahusu miguu. Ni Kigiriki: heteros ni tofauti, meros ni sehemu.

Bila shaka unawajua wale weusi wenye mikanda ya njano au ya rangi ya machungwa, wanaojaa kwenye maua ya kunde na bamia. Kamata mmoja kwa kibanio, usitumie vidole. Akibughudhiwa hutoa majimaji yenye sumu iitwayo kantharidini, na ngozi iliyoguswa hutoka malengelenge. Mlaze chali, uchukue lenzi. Hesabu pingili za wayo: anzia chini ya goko (wanafunzi wangu walikuwa wakilihesabu na goko lenyewe!), umalizie kwenye pingili yenye kucha. Mguu wa mbele una pingili tano, wa kati tano, wa nyuma nne. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo, basi.

Aliyeanza kuwapanga mbawakawa kwa pingili ni daktari wa Paris, Étienne Louis Geoffroy, mwaka 1762. Aliyeueneza mpango huo ni Pierre André Latreille, padri aliyefungwa Bordeaux wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa kwa kukataa kula kiapo cha serikali. Humo gerezani aliokota mbawakawa mdogo wa buluu mwenye shingo nyekundu, Necrobia ruficollis, akampa daktari wa wafungwa. Mdudu akafika kwa kijana mpenda wadudu, Bory de Saint-Vincent, naye akahangaika mpaka padri akatolewa. Ndugu wa mdudu huyo, mwenye miguu myekundu, anajulikana sana na wenye maghala ya mbata na samaki wakavu.

Hesabu hizo zilikuwa na kasoro. Wale wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari waliitwa Trimera, wa pingili tatu, kumbe wana nne, moja ndogo imejificha. Fukusi nao walipewa nne na wanazo tano. Heteromera walihesabiwa sawasawa, ila tano-tano-nne hupatikana pia kwa madume ya mbawakawa wengine wasiohusiana nao, kwa hiyo wataalamu wa leo hawategemei nyayo peke yake. Wengi wa kundi hilo sasa wako chini ya familia-kuu ya Tenebrionoidea, pamoja na wale wekundu wadogo wanaoharibu unga.

Wako wa kwenye maua mtafute kwa jina la familia, Meloidae. Ukimpiga picha ya kunitumia, piga na tumbo, nione miguu ya nyuma.