Jibu: Lord Ashley na Lord Shaftesbury ni baba na mwana?

Salaam mkuu. Umeona sheria ya Uingereza ya migodi ya 1842 inatajwa ya Lord Ashley, na ile ya 1875 ya wasafisha dohani ya Lord Shaftesbury, ukadhani ni baba na mwana. Ni mtu mmoja, mwanasiasa Anthony Ashley-Cooper. Hata mimi nilinaswa hapohapo nilipoandaa somo.

Angalia mwaka kwanza. Kabla ya 1851 baba yake alikuwa hai, kwa hiyo aligombea ubunge kwa jina la Ashley. Baba alipofariki akarithi cheo cha Shaftesbury, akahamia Bunge la Malodi (bunge la juu la Uingereza). Ila sheria ya 1847 ya kazi saa 10 kwa siku viwandani, kwa wanawake na vijana, ilipita yeye akiwa nje ya Bunge, ikisukumwa na mbunge John Fielden.

Kwenye insha anza na 1842: watoto wadogo waliketi gizani chini ya ardhi, wakifungua na kufunga milango ya hewa. Sheria ile ikakataza humo wavulana chini ya miaka 10, na wanawake wote.