Maswali ya Wasomaji: Kakakuona wa Sengerema, Sokwe wa Rubondo na Mwizi wa Kuku Buswelu

Barua za safari hii zimetoka pande nyingi za Ziwa Victoria. Tumechukua tano zinazohusu wanyama wa msituni, wa hapa kwetu na wa mbali, na tumezifupisha.

Habari zenu wahariri. Mwezi uliopita tukipalilia mihogo tulimkuta kakakuona. Tulimtia kwenye kiroba tukampeleka kijijini. Wazee wakamwekea maji, nafaka na panga ili tujue mwaka utakuwaje. Tukampa uji na maziwa, hakugusa. Siku ya tatu akafa. Tulikosea wapi, na akitokea mwingine tufanyeje?
*Mama mkulima, Sengerema*

Pole sana mama, na ahsante kwa kuuliza, maana kakakuona wengi hufa namna hiyohiyo mikononi mwa watu wasiowatakia mabaya.

Kosa la kwanza ni kiroba. Kile cha nailoni hakipitishi hewa vizuri, na kakakuona akiogopa hujikunja kama mpira akabaki hivyo kwa saa nyingi. Joto la mwili wake linabaki humohumo ndani. La pili ni chakula. Kakakuona hana jino hata moja. Anakula mchwa na sisimizi tu, tena huchagua aina, na ulimi wake mwembamba unaonata una shina linaloingia mpaka ndani ya kifua. Mdomo wa namna hiyo hauna la kufanya na uji, wala tumbo lake na maziwa ya ng'ombe. La tatu ni umati. Hofu ya muda mrefu humtia vidonda vya tumbo na kumwachia nafasi nimonia. Hata wataalamu wenye dawa na vifaa huwapoteza wengi wakiwafungia.

Akitokea mwingine, ondoeni mbwa kwanza, kisha watu. Kama hana jeraha na yuko porini au shambani, mwacheni palepale. Giza likiingia atajikunjua aende zake, miguu ya mbele ikiwa imekunjwa kifuani, akitembea kwa ile ya nyuma huku mkia ukimpa mizani. Kama yuko barabarani au watu wameshajaa, mpigieni mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori wa halmashauri. Wakati mnasubiri, mwekeni kwenye kasha la mbao lenye matundu ya hewa, lifunikwe kitambaa cheusi, likae kivulini. Sahani ya maji yenye kina cha vidole viwili inatosha. Msimpe chakula chochote.

Msijaribu kumkunjua kwa nguvu. Misuli yake huchanika, nanyi mtaumia: kingo za magamba zinakata, na mkia ukijibana vidole vikiwa ndani vinapondeka. Mkiona kitoto kimening'inia shina la mkia wa mama, msiwatenganishe. Huzaa mmoja tu kwa mimba moja, ndiyo maana pori likishapoteza kakakuona wake hujaa tena polepole mno. Kumwachia kufanyike usiku, karibu na mlipomkuta, kwa kuwa huko ndiko anakojua mashimo na vichuguu vyake.

Kuhusu utabiri, tunawaheshimu wazee wetu, lakini tuseme tunachokijua. Macho ya kakakuona ni dhaifu, anaongozwa na pua. Akizungukwa na watu hasogei kuelekea nafaka au panga. Anatafuta upenyo wa kutokea, na chochote kilichowekwa upande huo ndicho kitakachosemekana amekichagua.

Vijana wanaoyatazama magamba waambiwe hivi: yametengenezwa kwa kitu kilekile kilichotengeneza kucha za vidole vyao. Anayeyasaga akanywa, amekunywa kucha. Kuna aina nane za kakakuona duniani, nne Afrika na nne Asia, na biashara ya kimataifa ya zote ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2016. Hapa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa nyara ya serikali, yaani mali yake, awe mzima au gamba moja tu mfukoni. Aliyemwokota kwa nia njema ajilinde kwa kutoa taarifa siku hiyohiyo.

Kijiweni Kirumba kuna ubishi: simbamarara yupo Afrika au hayupo? Na chui mweusi ni mnyama gani?
*Dereva wa bodaboda*

Hayupo, na porini hapatikani popote nje ya Asia. Anaishi kuanzia mikoko ya Sundarbans, mpakani mwa India na Bangladesh, hadi misitu ya theluji ya mashariki ya Urusi.

Chui mweusi si mnyama wa aina yake peke yake. Ni chui huyuhuyu wetu aliyezaliwa na rangi nyingi nyeusi, na ukimwona juani madoa yake yanaonekana chini ya weusi. Jagwa wa Amerika naye huzaliwa hivyo. Mkitaka kuwatofautisha kwenye picha, tazameni madoa ubavuni. Ya duma ni vidoa vilivyojaa, na usoni ana michirizi miwili kama ya machozi. Ya chui yamejipanga kwa duara lenye uwazi katikati. Ya jagwa ni duara kubwa zaidi, na ndani yake mara nyingi mna vidoa vidogo. Jagwa pia ana kichwa kipana na taya zinazoweza kutoboa fuvu la windo lake.

Nafundisha darasa la tano. Wanafunzi wameuliza kwa nini mbega anashinda amekaa, na kama ni mvivu sawa na slothi, yule mnyama wa mitini wa Amerika aendaye polepole. Niwajibuje?
*Mwalimu, Ilemela*

Mwalimu, waambie wote wawili wana kazi moja ngumu inayofanyika tumboni: kuyeyusha majani.

Jani ni chakula kilichojaa msituni, lakini lina nyuzi ngumu, nguvu kidogo, na mara nyingi sumu ambayo mti umejiwekea wenyewe. Mbega ana tumbo kubwa lenye vyumba, na humo vijidudu huchachusha majani karibu kama tumbo la ng'ombe linavyofanya. Kazi hiyo inahitaji muda na utulivu, kwa hiyo anakaa. Lakini akitaka kuruka anaruka haswa, manyoya yake meupe yakimfuata hewani kama shuka. Waoneshe na mkono wake: vidole vinne, na mahali pa gumba pana kijivimbe tu. Mkono huo hushika tawi kama kulabu.

Hapohapo wafundishe jambo la manufaa: mbega asipewe ndizi mbivu wala mkate. Sukari ikiingia kwenye tumbo lile huchachuka kwa kasi, tindikali inapanda, tumbo linajaa gesi, na mnyama anaweza kufa. Mtu akimtupia ndizi tumbili hutaona tofauti siku hiyo, ila unamfundisha wizi. Kwa mbega ndizi hiyohiyo ni hatari kwa uhai wake.

Slothi wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini amechukua njia nyingine. Amepunguza matumizi. Misuli yake ni michache, mwili wake huachia joto lishuke na kupanda, na chakula huchukua siku nyingi kupita tumboni. Manyoya yake huota mwani wa kijani unaomficha kati ya majani. Yule wa vidole vitatu huteremka chini kwenda haja mara moja tu kwa wiki hivi, na safari hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote kwake, maana ardhini hawezi kukimbia.

Mfano wa tatu watauelewa upesi kwa sababu mti wake wanaujua. Ni koala wa Australia, anayekula majani ya mikaratusi, mti uleule tunaoupanda kwa nguzo na kuni. Majani yale yana mafuta makali ambayo wanyama wengi hawayawezi. Koala anayaweza, na gharama yake ni kulala hadi saa 20 kwa siku.

Shikamooni. Nimesikia sokwe wa kisiwa cha Rubondo waliletwa kutoka Ulaya. Ni kweli? Kwa nini wasiwekwe kisiwa cha Saanane, karibu na mjini? Tuko wanane tunataka kwenda, tujiandae vipi?
*Kijana, Nyakato*

Marahaba. Ni kweli. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alisimamia kuletwa kwa sokwe wasiozidi 17 kutoka Ulaya. Wengi wao walikamatwa wadogo Afrika Magharibi, wakakaa miaka kwenye vizimba, kisha wakafunguliwa kisiwani bila mafunzo yoyote ya kuishi porini. Mwanzoni baadhi yao waliwashambulia watu, kwa sababu sokwe aliyezoea binadamu hamwogopi. Lakini vizazi vyao vilijifunza msitu. Walianza kujenga matandiko ya matawi kila jioni, wakajua matunda ya kisiwani, na mojawapo ya chakula chao kikubwa ni mabungo, yaleyale tunayoyanywa juisi.

Ilifanikiwa kwa sababu za wazi. Kisiwa kina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 240, sehemu kubwa msitu. Hapakuwa na sokwe wengine wa kugombania eneo, na sokwe dume wageni huuawa wakiingia kwa wenyeji. Simba na chui hawapo. Na sokwe hawaogelei, kwa hiyo ziwa likawa uzio. Saanane nchi kavu yake haifiki hata kilomita moja ya mraba. Kundi la sokwe lingemaliza matunda upesi, kisha lingelishwa kwa mkono, na hapo turudi kwenye vizimba.

Twiga, tembo na mbega wa Rubondo nao waliletwa. Nzohe, swala wa kwenye matope na maji, ni mwenyeji, na tungependa msimpite haraka. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, asizame kwenye matope ya mafunjo. Akishtuka huingia majini akabakiza pua tu juu. Watafuteni alfajiri pembeni mwa matete, mkiwa kimya.

Kwa safari, njia ya kawaida kutoka Mwanza ni kupitia Geita mpaka Nkome mkapande boti, au mzunguke hadi upande wa Muganza, Chato, ambako mwendo wa majini ni mfupi zaidi. Wasilianeni na hifadhi kabla, kwani boti na mwongoza wageni hupangwa mapema. Vaeni suruali ndefu na mchomeke miguu yake ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Koti la mvua kila mtu awe nalo.

Kanuni za sokwe zishikeni bila kubembelezana. Mwenye mafua au kikohozi abaki kambini, hata kama ameshalipa. Mafua yetu ya kawaida huwaua sokwe, kwa kuwa miili yao inapokea magonjwa yetu ya kifua ilhali hawana kinga nayo. Vaeni barakoa, kaeni mita 10 au zaidi, msile mbele yao, msiache hata ganda la ndizi. Na msiende mkiwa na uhakika wa kuwaona. Mwongoza wageni hufuata sauti, matandiko ya jana na kinyesi chenye mbegu, na kuna siku vyote hivyo vinaishia kwenye bonde tupu.

Kuku wangu sita wametoweka usiku ndani ya wiki mbili. Majirani wanasema ni komba, maana wanamsikia akilia kama mtoto. Nimtegee sumu?
*Mfugaji, Buswelu*

Sumu hapana, ndugu. Itamuua mbwa wa jirani, bundi anayekulia panya, au mtoto atakayeokota nyama.

Komba tunamwondoa karibu kabisa kwenye lawama. Anakula utomvu wa migunga, matunda na wadudu. Yule mkubwa anaweza kuiba yai au kifaranga, lakini hawezi kubeba kuku mzima. Kilio kile ni cha kuitana.

Jua likizama mwaga majivu laini kuzunguka banda, upana wa hatua moja, usome asubuhi. Alama ya mviringo kama ya paka mdogo, bila kucha, ni kanu, mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa na mkia mrefu, naye ndiye tunayemshuku zaidi. Ukiona kucha ndefu zimechomeka mbele sana ya vidole, na mbao zimeng'olewa, huyo ni nyegere. Mburuzo mpana bila nyayo, wala unyoya hata mmoja, ni chatu. Nguchiro wengi hutembea mchana. Komba mwenyewe huacha mkono wenye gumba.

Kisha rekebisha banda. Kanu ni mwembamba, penye kupita kichwa chake mwili unafuata, na mara nyingi huingia kwenye uwazi kati ya ukuta na bati. Ziba hapo kwa wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi. Wavu mwepesi wa kuku haumzuii nyegere, anauchana. Chini, fukia wavu sentimita 30 na uukunje kuelekea nje sentimita 30 nyingine, ili anayechimba akutane nao. Kata matawi yote yaliyo ndani ya mita 2 kutoka kwenye paa. Mlangoni weka komeo lenye pini, siyo kamba. Fanya ukaguzi usiku ukiwa na tochi: mtu mmoja amulike akiwa ndani, wewe uwe nje, na kila mwanga utakapopenya upana unaozidi vidole viwili, paka chokaa pale upazibe kesho yake.