Wachina wa Port Louis si wa juzi

Hapana ndugu, umeuliza kama Wachina wa Mauritius ni hawahawa waliokuja na makampuni ya barabara, wale wa Port Louis, mji mkuu wa kule, wako pale tangu enzi za babu wa babu, hekalu lao la Kwan Tee limejengwa karne ya 19 na mpaka leo watu wanachoma udi pale. Wengi ni Wahakka na Wakantoni (jamii za kusini mwa China), walianza na maduka. Yaani duka la Mchina kijijini ndo lilikuwa benki ya vibarua wa mashamba ya miwa, unachukua mchele, mafuta, samaki mkavu, anakuandikia kwenye kidaftari, unalipa ukipata mshahara (kama Mangi tu kwetu bongo).

Siku hizi vijana wao wanaongea Krioli (lugha ya mtaani ya Mauritius, imetokana na Kifaransa) kuliko Kichina, wengi ni Wakatoliki, na wengi walishahamia Kanada na Australia. Lakini mwaka mpya wa Kichina ni sikukuu ya taifa, na noti ya rupia 25 ina picha ya Jean Moilin Ah-Chuen, mfanyabiashara Mchina aliyekuja kuwa waziri.

Ukifika Chinatown, pale Royal Road, agiza bol renversé. Wanatanguliza yai la kukaanga kwenye bakuli, halafu kuku na mboga zenye rojo, juu wali unashindiliwa, then bakuli linapinduliwa kwenye sahani mbele yako, yai linabaki juu kama kofia. Usile kitu kingine asubuhi maana hutaimaliza.