Maswali ya Wasomaji: Gambiti ya Dakika Tatu

Barua nyingi za sataranji zilizotufikia mwezi huu zinatoka Nyanda za Juu Kusini, na kwa kuwa karibu zote zinagusa funguzi kali zinazochezwa dhidi ya saa, hasa gambiti, yaani hatua za mwanzo ambazo mchezaji anamtoa askari kwa makusudi ili apate nafasi ya kushambulia, tumechagua tatu na kuzijibu kwa pamoja.

Nafungwa na ufunguzi ambao nikiwa nyumbani naushinda

*Mwalimu, kamwene. Mimi ni fundi wa mbao hapa Mafinga. Jioni tukishafunga kazi tunakaa watu sita au saba, tunacheza kwa dakika tatu kila mtu, na saa ya kwenye simu inatuongezea sekunde mbili kwa kila hatua. Kuna kijana amekuja na ufunguzi anaouita Stafford. Ananiachia askari wa bure, nami nikimla, tukifika hatua ya nane mfalme wangu amekwisha. Amenifunga hivyo mara tatu. Kila nikirudi nyumbani na kuutazama ubao kwa utulivu naona kabisa kwamba mimi ndiye niliyekuwa na nafuu. Wachezaji wakubwa wakikutana na jambo la namna hii hufanyaje? — Msomaji, Mafinga*

Kamwene, ndugu yangu. Ulichokiona nyumbani ni kweli: nafuu ilikuwa yako, na kompyuta yoyote itakuunga mkono. Lakini kijana huyo hachezi na kompyuta. Anacheza na wewe ukiwa umechoka na msumeno, na saa inakimbia.

Tuupange ubao. Safu zake ni a hadi h kuanzia kushoto kwa nyeupe, na mistari ni 1 hadi 8 kuanzia upande huohuo, kwa hiyo e4 ni nyumba ya safu ya e, mstari wa nne. Wewe una kete nyeupe. Askari wako wa mfalme anakwenda e4, naye anajibu e5. Farasi wako anatoka hadi f3 kumtishia askari huyo, na kijana, badala ya kumlinda, anamtoa farasi wake hadi f6. Unamla askari wa e5. Anamleta farasi wake wa pili c6, unamla, naye anamla farasi wako kwa askari wa safu ya d. Mmebadilishana farasi kwa farasi na wewe umezidi askari mmoja. Unamsogeza askari hadi d3 ili amlinde mwenzake wa e4, askofu wake anaruka hadi c5 akiikodolea macho nyumba ya f2, na hapo ndipo mkono wako unapokwenda wenyewe kwa askofu wa c1. Unampeleka g5 ambane farasi wa f6, kwa sababu nyuma ya farasi huyo yuko malkia, na sote tulifundishwa kwamba farasi aliyebanwa mbele ya malkia haondoki.

Anaondoka. Anamla askari wa e4. Ukimla malkia, askofu wa c5 anakula f2 na kumpa mfalme wako cheki, mfalme anabakiwa na nyumba moja tu ya kukimbilia, yaani e2, na askofu wa pili anatokea g4: chekimeti. Ukimwacha malkia na kumla farasi kwa askari wa d3, askofu anakula f2 vilevile, na mfalme wako akimla askofu, safu ya d imekwisha kufunguka na malkia wako pale d1 analiwa bure. Hatua yako ya askofu g5 ilikuwa hatua ya mtu aliyejifunza vizuri, na mtego umetegwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo hasa.

Mchezaji mkubwa akikalishwa mahali hapo ndani ya dakika tatu, hatafuti hatua ya kumwadhibu mpinzani. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ninayoiona kati yake na sisi. Sisi tukipewa askari wa bure tunaona tumechokozwa na tunataka kuthibitisha mara moja kwamba gambiti ile ni mbovu; yeye anatafuta hatua itakayozima maswali mengi kwa mpigo mmoja. Katika Stafford hatua hiyo ipo, na ni ya kimya: badala ya askofu g5, mpeleke askofu wako mwingine e2. Kutoka hapo anailinda g4, ili farasi wake asipate pa kutua bure, na anamlinda malkia wa d1, ili ule ujanja wa f2 usiwe na faida tena. Baada ya hapo usiharakishe kumkimbizia mfalme pembeni kwenye g1, maana askari wake wa safu ya h atakuja mbio kufungua njia. Msogeze kwanza askari hadi c3, halafu askari wa d3 aende d4 amfukuze yule askofu wa c5. Askari mmoja wa ziada bado ni wako, na sasa ni yeye anayetakiwa kufikiri.

Na kufikiri kuna bei. Dakika tatu ni sekunde 180. Mchezo ukifika hatua 40, nyongeza ya sekunde mbili mbili inakupa 80 nyingine, jumla 260, ambazo ni sekunde sita na nusu kwa kila hatua. Ukikaa dakika nzima kwenye hatua ya tano ukitafuta njia ya kumkomoa, umekwisha kutoa theluthi ya muda uliokaa nao chini. Anayecheza gambiti katika mchezo wa kasi ananunua sekunde zako, na malipo yake ni askari. Wakubwa wanalijua soko hilo, kwa hiyo hawauzi: wanajibu kwa hatua ya pili au ya tatu kwa ubora, ilimradi waicheze kwa sekunde nne na waijue njia inayofuata.

Julai iliyopita nilikuwa Iringa mjini kwenye mashindano ya shule, asubuhi ya baridi kali. Binti mmoja alikuwa ameficha viganja ndani ya mikono ya sweta, akivitoa tu anapotaka kusogeza kete na kubonyeza saa. Mpinzani wake alimwachia askari kwa gambiti, binti akamla, na hatua mbili baadaye akamrudisha bila hata kuinua uso, akapata nafasi ya kuwatoa maaskofu wake wote wawili. Mvulana alibaki ameutazama ubao karibu dakika moja. Alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayeng'ang'ania askari yule hadi mwisho, na mtu huyo hakutokea. Hiyo ndiyo mbinu ninayotaka uichukue kuliko nyingine yoyote: kilicholiwa kinaweza kurudishwa, na mara nyingi kurudisha ndiko kunakokuletea nafuu.

Kocha ananikataza Gambiti ya Mfalme

*Mheshimiwa Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Uyole, Mbeya. Tunajiandaa kwa mashindano ya dakika kumi kila mchezaji bila nyongeza. Nataka kucheza Gambiti ya Mfalme kila nitakapopata nyeupe, lakini kocha anasema ni ufunguzi uliokwisha kufa na kwamba kompyuta imeukataa. Kama ni mbovu hivyo, kwa nini wakubwa bado wanaucheza? — Msomaji, Uyole*

Kocha wako ana haki, na wewe pia unayo, kwa sababu mnazungumzia saa za aina mbili tofauti. Mashindano yenu, kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, yanaingia katika kundi la kasi zaidi, yaani ya dakika kumi au pungufu kwa kila mchezaji. Yakizidi dakika kumi na kubaki chini ya sitini yanaingia katika kundi la mchezo wa haraka. Kompyuta inapoukataa ufunguzi haiulizi uko katika kundi lipi.

Gambiti ya Mfalme, yaani e4, e5, kisha askari wa f anajitoa f4, ina historia ndefu kuliko klabu zetu zote zikiunganishwa. Ndiyo iliyochezwa London mwaka 1851, Anderssen alipomshinda Kieseritzky katika mchezo ambao hadi leo unaitwa Mchezo Usiokufa, akitoa ngome zote mbili, askofu na malkia, na kumfunga mfalme kwa kete ndogo zilizobaki. Mwaka 1960, huko Mar del Plata, Argentina, Boris Spassky aliitumia kumshinda Mmarekani Bobby Fischer aliyekuwa na umri wa miaka 17, wote wawili mabingwa wa dunia wa baadaye. Mwaka uliofuata Fischer alichapisha makala akidai kwamba ufunguzi huo umevunjwa, na dawa yake ilikuwa nyeusi kumsogeza askari hadi d6 katika hatua ya tatu. Lakini katika ubingwa wa Marekani wa 1963/64, ule alioshinda michezo yote 11, Fischer huyohuyo aliicheza Gambiti ya Mfalme dhidi ya Larry Evans na akashinda, safari hii akimtanguliza askofu c4 badala ya farasi f3. Magnus Carlsen naye aliitumia kumshinda Wang Yue wa China huko Medias, Romania, mwaka 2010.

Usisome habari hizo ukadhani wakubwa wanapenda hatari. Tazama jinsi Carlsen alivyoutetea ubingwa wake wa dunia dhidi ya Fabiano Caruana, London, Novemba 2018. Michezo yote 12 ya muda mrefu ilikwisha kwa sare, na katika ule wa 12 Carlsen alitoa pendekezo la sare akiwa na nafasi iliyokuwa nzuri kwake, wengi wakamshangaa. Alikuwa anausubiri mchezo wa haraka wa kumpata mshindi, dakika 25 na nyongeza ya sekunde 10, na huko alishinda tatu kwa bila. Katika mchezo wa pili wa siku hiyo, akiwa na nyeusi, alicheza Sisilia ya Sveshnikov, ufunguzi mkali unaoacha shimo katikati ya ubao wa mwenyewe, nyumba ya d5, ili kete zake zipate pumzi na njia za kushambulia. Caruana alishindwa ndani ya hatua 28. Kwa mtazamaji wa mbali ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini Carlsen alikuwa amekwisha kuicheza Sveshnikov hiyo dhidi ya Caruana huyohuyo katika michezo ya 8, 10 na 12. Ukali wote ule aliubeba katika njia aliyokwisha kuikanyaga mara tatu ndani ya siku kumi, tena akiwa na muda wa kutosha, kabla ya kuikimbilia.

Kwa hiyo swali lako lisiwe kama Gambiti ya Mfalme ni nzuri au mbovu. Jiulize kama umekaa nayo. Leo mpinzani aliyeandaliwa vizuri hatang'ang'ania askari wa f4. Atampokea, na ukishamtoa farasi f3 atakurudishia askari wake kwa d5, ubao ufunguke na maaskofu wake wapumue. Je, unaijua nafasi hiyo? Malkia wakibadilishana mapema, unajua unachotafuta, au ulichojifunza kinaishia kwenye shambulio la f7, nyumba iliyo karibu na mfalme mweusi? Kama jibu ni hilo la mwisho, kocha yuko sahihi kukuzuia kwa sasa. Kama umezicheza nafasi hizo za d5 mara ishirini au thelathini na rafiki zako, mwambie kocha akupe ruhusa walau ya michezo miwili, na uichague kwa wapinzani ambao hawajakuona ukiicheza.

Hili la kuonekana lina uzito, na sisi wa nyanda hizi tunalijua. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Wajerumani ukiwa njiani, kwa ukaribu kiasi kwamba bunduki hazikupata nafasi ya kufanya kazi yake, na kamanda wao, Zelewski, akauawa. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi, safari hii hadi Kalenga, kwenye ngome ya Mkwawa, wakiwa na mizinga, nao walikuwa wamekwisha kujua wanakwenda kukutana na nani. Ukiicheza gambiti yako katika raundi ya kwanza mbele ya ukumbi mzima, wa raundi ya tano atakuja na mizinga.

Jambo moja la mwisho kwako. Kwa kuwa saa yenu haina nyongeza, weka mpaka kabla ya kukaa: ukifika hatua ya 15 na umebakiwa na muda pungufu kuliko mpinzani, huku bado una upungufu wa askari, gambiti yako imeshindwa kazi yake. Hapo acha kulikimbiza shambulio, badilishana kete uwezazo na pigania sare. Nimewaona vijana wengi hodari wakiendelea kutoa kete katika hali hiyo kwa sababu tu walianza kwa kutoa.

Wajukuu na michezo ya kasi

*Ndugu Mwalimu, ni mwalimu mstaafu hapa Tukuyu. Wajukuu zangu wa miaka tisa na kumi na moja wanapenda mitego ya kufunga haraka waliyoiona kwenye simu. Niwaache? — Msomaji, Tukuyu*

Shikamoo, Mwalimu. Waache, ila kwa sharti moja: anayetaka kuutega mtego lazima kwanza aucheze upande wa anayetegwa na kukuonyesha, bila saa, njia ya kujinasua. Mtoto wa miaka tisa anaweza kabisa kueleza kwa nini askofu wa e2 anaokoa mchezo niliouonyesha hapo juu kwa msomaji wa Mafinga. Mpangie ubao, mpe chai, mwache ahangaike nao nusu saa. Saa iwekwe mezani akishapata jibu, na kwa umri wao dakika kumi zinatosha. Yule wa miaka kumi na moja mwombe aandike hatua zote kwenye daftari baada ya kila mchezo, hata ule wa kasi, kwa kukumbuka tu. Mahali atakapokwama kukumbuka, aghalabu ndipo alipocheza bila kutazama, na hapo ndipo pa kuanzia kesho yake.